Kabla Ununue Vidonge vya Bakteria, Jua Kinyesi cha Wanakijiji wa Uganda Kilifundisha Dunia Nini

Wasee, leo tunaongea kuhusu choo. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu urudi tukae chini vizuri, juu hii stori inahusu pesa yako na utumbo wako.

Ingia kwa duka lolote kubwa la dawa Nairobi. Utapata rafu ya vitu vya afya ya tumbo: vidonge vya probayotiki, poda za pribayotiki, vichupa vidogo vya maziwa ya bakteria. Bei yake inaweza kulisha familia maharagwe wiki mzima. Na wanaouza wanaongea ni kama hii elimu imetua na ndege kutoka California juzi.

Mimi nasema hivi, na nitajitetea mpaka mwisho: sehemu kubwa ya kile dunia inajua kuhusu chakula na utumbo mpana ilitoka Afrika, na kipande kikubwa kilitoka hapa Afrika Mashariki. Ilitoka kwa watu waliokuwa wanakula msosi ambao wewe na mimi tulikua tukiuita chakula ya ushago. Sasa tumeutoroka ule msosi, na kipande chake kidogo kimerudi kwa pakiti tunauziwa.

Mimi si daktari. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hakuna cheti nitakuonyesha. Lakini historia ya hii kitu iko wazi kwa mtu yeyote mwenye subira ya kuisoma, kwa hivyo twende.

Maneno mawili kwanza

Probayotiki ni vijidudu vyenyewe, vikiwa hai, unavyokula au kunywa kwa kiasi cha kukuletea faida. Pribayotiki ni chakula cha vijidudu. Mwili wako hauwezi kukisaga, kwa hivyo kinapita tumbo, kinapita utumbo mwembamba, na kinafika utumbo mpana bado kikiwa kizima. Huko ndiko bakteria wanakingojea.

Fikiria boma la kuku. Probayotiki ni kununua kuku wageni na kuwaachilia ndani ya boma. Pribayotiki ni kuwarushia mahindi wale kuku uko nao tayari. Shika huo mfano, tutauhitaji.

Paris: utumbo mpana ulipoitwa takataka

Stori ya probayotiki huanza na Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa sehemu ambayo leo ni Ukraine na kufanya kazi Pasteur Institute, Paris. Mwaka 1905, Mbulgaria mmoja mchanga, Stamen Grigorov, akiwa Geneva, alikuwa ametambua bakteria fulani ndani ya maziwa ya kuchachushwa ya kwao. Metchnikoff akashika hilo wazo na kulipeleka mbali. Mwaka 1907 alitoa kitabu akisema kwamba bakteria wa utumbo mpana wanaozesha chakula, sumu inaingia mwilini, na hiyo ndiyo inatuzeesha. Dawa yake? Kunywa maziwa machachu, bakteria wazuri waingie wapigane na wabaya. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel, lakini ilikuwa ya kazi yake kuhusu kinga ya mwili. Wauzaji wa maziwa hawakujali hiyo tofauti, na yogati ikawa biashara.

Sasa cheki upande wa giza. Ikiwa utumbo mpana ni shimo la taka, mbona usiukate tu? London kulikuwa na daktari maarufu wa upasuaji, William Arbuthnot Lane, aliyekuwa anawatoa watu utumbo mpana ati juu wana shida ya kufunga choo. Watu walipoteza kiungo kizima kwa sababu ya wazo ambalo halijathibitishwa. Kumbuka hiyo siku utakapoona mtu mtandaoni anakuuzia chai ya kusafisha sumu tumboni. Hilo wazo lina zaidi ya miaka 100 na limewahi kushika kisu.

Japan nako, mwaka 1930, Minoru Shirota alitenga aina ya bakteria anayeweza kupita asidi ya tumbo akiwa hai. Mwaka 1935 kinywaji chake, Yakult, kikaanza kuuzwa.

Hapa kwetu Wakalenjin walikuwa na mursik ndani ya sotet tangu kale, waliopikia uji wa wimbi waliuacha uchachuke, na maziwa lala hayakuhitaji tangazo. Nataja tu ili usifikirie maziwa machachu yaligunduliwa Paris.

Kitu cha kuona ni kwamba hawa wote, Metchnikoff na Shirota, walikuwa wanafikiria kuku wageni. Hakuna aliyeuliza wale kuku wa ndani wanakula nini. Hilo swali lilitoka huku.

Kampala: daktari aliyeona kile hakipo

Hugh Trowell alifika Kenya kama daktari mwaka 1929, akahamia Uganda miaka ya 1930, akafundisha na kutibu Mulago kwa miongo. Wengi wanamjua kwa kazi yake kuhusu kwashiorkor. Lakini alikuwa na daftari la aina nyingine kichwani: orodha ya magonjwa ambayo Uingereza yalijaa wodi na huku alikuwa hayaoni. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika.

Halafu kuna Denis Burkitt. Mtu wa Ireland Kaskazini, daktari wa upasuaji, jicho moja alilipoteza akiwa mtoto. Alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Kampala. Mwaka 1958 alieleza saratani ya taya ya watoto ambayo mpaka leo inabeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka hospitali za Afrika Mashariki na kusini kwa gari kuukuu, karibu maili 10,000, wakiuliza kila mahali saratani hiyo inaonekana wapi na haionekani wapi.

Hiyo tabia ya kuuliza haikumtoka. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikutana na mawazo ya daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyekuwa anasema sukari na unga mweupe ndivyo vinaharibu Wazungu. Burkitt akaangalia nyuma na kitu kikamgonga: miaka yote 20 akipasua watu Uganda, ni mara chache sana aliona saratani ya utumbo mpana. Ugonjwa wa kidole tumbo ulikuwa nadra. Bawasiri, nadra. Vifuko vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo Uingereza vilikuwa vya kawaida kwa wazee, karibu havikuwepo.

Akaanza kutuma fomu kwa hospitali za misheni Afrika na Asia. Mwezi baada ya mwezi, majibu yalikuwa yanafanana.

Kupima kinyesi, kihalisi

Hapa ndipo penye utamu. Burkitt, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, walitaka namba. Watu walipewa vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakavimeza, kisha kila choo kikakusanywa kwa mfuko wa plastiki, kikapimwa uzito, kikapigwa eksirei kuona vile vipande vimetoka lini.

Matokeo yalitoka kwa jarida la Lancet mwaka 1972. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, chakula kilichukua zaidi ya saa 80 kupita mwilini, na kinyesi cha siku kilikuwa karibu gramu 100. Kwa wanakijiji wa Uganda, karibu saa 36, na gramu 470. Mara nne na zaidi, manze!

Burkitt alienda akihubiri hii kitu kila mahali. Alikuwa anaonyesha picha za kinyesi kwenye mihadhara ya madaktari waliovaa tai. Alipenda kutania kwamba nchi yenye vinyesi vidogo lazima ijenge hospitali kubwa. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, kikauzwa sana, na nafaka zenye pumba zikaanza kujaa kwa meza za asubuhi Uingereza na Marekani.

Burkitt alikumbukwa, na sina kinyongo naye, alifanya kazi. Lakini wale wanakijiji waliobeba mifuko ya plastiki hawana jina popote. Wao ndio walikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwa sahani yao. Walikuwa wakila matoke, maharagwe, viazi vitamu, wimbi, mihogo, njugu, na mboga za kienyeji. Wazungu walirudi na somo wakaanza kuongeza pumba. Sisi, miaka hiyo hiyo, tulikuwa tunafundishwa kwamba mtu aliyeendelea anakula mkate mweupe.

Kile Burkitt hakukiona

Burkitt alielewa hii stori kama bomba. Nyuzinyuzi zinavuta maji, zinajaza, zinasukuma, uchafu haukai ndani muda mrefu. Hiyo ni kweli kiasi. Lakini yule kuku wa ndani alikuwa bado hajaonekana vizuri.

Unapokula maharagwe, kuna sehemu yake huwezi kuisaga. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, vile tu uji unachachuka kwa sufuria. Katika hiyo kazi wanatoa asidi fupi za mafuta, tatu kubwa: asetiti, propioniti na butireti. Hii ya mwisho ndiyo nyota. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hutegemea butireti kama chakula chao kikuu, jambo ambalo watafiti walilionyesha mwaka 1980. Viungo vingine vya mwili wako hulishwa na damu. Ukuta wa utumbo mpana hulishwa kwanza na bakteria. Na butireti haiishii kulisha tu: inatuliza uvimbe, na katika maabara imeonekana kuzuia seli za saratani kuzaana na kuzisukuma zife.

Na bakteria wasipopata nyuzinyuzi? Hawafi wote kimya kimya. Mwaka 2016 watafiti waliwapa panya bakteria wa binadamu kisha wakawanyima nyuzinyuzi, na bakteria wakageukia ute unaofunika ukuta wa utumbo wakaanza kuula. Ule ute ndio ukuta wa ulinzi. Kuku wakikosa mahindi wakaanza kudonoa paa la nyumba yako.

Jina pribayotiki lenyewe lilikuja mwaka 1995, lilitolewa na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid. Zile nyuzinyuzi zinazolisha bakteria wa faida zikapata jina la kisasa, na jina la kisasa linauzika. Ziko kwa vitunguu, vitunguu saumu, ndizi mbichi, kunde, maharagwe. Ziko pia kwa wanga uliopikwa ukapoa, juu wanga ukipoa sehemu yake hugeuka kuwa ngumu kusagwa. Ndio, ile ugali baridi ya jana unayokula na chai asubuhi ukificha majirani ina kitu kidogo kwa ajili ya bakteria wako.

Sayansi haikukubaliana haraka

Sitaki kukuuzia stori safi kupita kiasi. Mwaka 1999 utafiti mkubwa wa wauguzi wanawake wa Marekani, zaidi ya 88,000, waliofuatiliwa miaka 16, haukupata kwamba nyuzinyuzi zinawakinga na saratani ya utumbo mpana. Magazeti yakashangilia ati Burkitt alikosea. Mwaka 2003 ukaja wa Ulaya, zaidi ya watu 500,000 kutoka nchi 10, ukapata waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na hatari chini kwa karibu robo.

Kwa nini tofauti? Sababu ni nyingi, lakini moja inaonekana hata kwa macho: hao wauguzi, hata waliokula nyuzinyuzi nyingi kushinda wenzao, hawakufika karibu na sahani ya mwanakijiji wa Uganda. Ukilinganisha aliyekula kidogo na aliyekula kidogo zaidi, utaona nini?

Ndiyo maana jaribio la 2015 lilinifanya nikae wima. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kati ya Wamarekani weusi, saratani ya utumbo mpana huwapata karibu watu 65 kwa kila 100,000. Kijijini Afrika Kusini, chini ya 5. Ngozi inafanana na asili ya mababu ni Afrika, lakini sahani ni tofauti kabisa.

Walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakapewa msosi wa kijijini wenye mahindi na maharagwe, nyuzinyuzi zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku. Waafrika wakapewa burger na chipsi, nyuzinyuzi zikaanguka kutoka gramu 66 hadi 12, mafuta yakapanda.

Wiki mbili tu. Kwa Wamarekani butireti ilipanda mara mbili na nusu, uvimbe wa ukuta ukapungua, na kasi ya seli kuzaana ikashuka. Kwa Waafrika butireti ilishuka kwa nusu, na zile dalili zote zikaenda upande mbaya. Hakuna aliyepata saratani kwa wiki mbili, usinielewe vibaya. Hizi zilikuwa alama za hatari, kama taa ya mafuta kwenye dashibodi. Lakini zilionyesha jinsi utumbo unavyosikia haraka. Na kitu kingine: kamera ilipoingizwa mwanzoni, Wamarekani 9 walikuwa na vinyama kwenye utumbo. Waafrika, hakuna hata mmoja.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2025 watafiti wa Moshi, Tanzania, pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha jaribio la wanaume 77 wa eneo la Kilimanjaro. Waliokula chakula cha asili walihamishiwa msosi wa kisasa, soseji na mkate mweupe na chipsi, kwa wiki mbili, na alama za uvimbe kwenye damu zikapanda. Waliokula kisasa wakarudishwa kwa asili, alama zikashuka. Kundi la tatu lilikunywa mbege, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, na nao uvimbe ukapungua. Huu ulipima kinga ya mwili, haukupima saratani. Lakini sasa ona: miaka zaidi ya 50 baada ya mifuko ya plastiki, jibu bado linatoka sahani zile zile, na safari hii Watanzania wenyewe wako kwa orodha ya waandishi.

Sasa turudi kwa keja zetu

Angalia siku ya kijana wa Nairobi. Asubuhi chai na mkate mweupe. Saa nne mandazi. Mchana chipsi, ama smokie pasua na kachumbari, na hiyo kachumbari ndiyo mboga pekee ya siku. Usiku ugali wa unga uliokobolewa na sukuma kiasi cha kuona haya.

Huo unga mweupe umeondolewa pumba na kiini ndipo uwe mlaini na ukae muda mrefu dukani. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka uongezwe vitamini na madini, na hiyo ni poa. Lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Na smokie? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika, na saratani yenyewe ni hii ya utumbo mpana. Kila gramu 50 kwa siku inaongeza hatari kwa karibu asilimia 18. Hiyo haimaanishi smokie moja itakuua. Inamaanisha ikiwa ndiyo chakula cha mchana kila siku ya wiki, ujue umechagua nini.

Sasa, kabla mtu aniambie naringa: najua. Smokie iko kwa kona, inashika njaa, na haihitaji gesi. Maharagwe yanataka masaa kwa jiko na gesi ni ghali. Mtu anayelipa nyumba ya chumba kimoja na kutoka kazini saa mbili usiku hahitaji mimi kumfokea. Ushago ulikuwa na kuni na shosho wa kuangalia sufuria. Sisi hatuna wote wawili. Hilo ni jambo la bei, muda na sera, na lawama zote haziwezi kubebwa na yule kijana.

Na pia sitasema chakula cha wazee kilikuwa malaika. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yaliua watu 125 Ukambani mwaka 2004 kwa sumu ya ukungu, aflatoksini. Bonde la Ufa lina saratani nyingi ya umio, na watafiti wamekuta asetaldehidi kwa mursik, ingawa chai ya moto kupita kiasi na mambo mengine yako kwenye orodha ya washukiwa pia. Kuheshimu sahani ya zamani haimaanishi kufunga macho.

Je, vidonge?

Hapa ndipo pesa yako iko. Probayotiki si uongo. Kuna mahali zimeonyesha kazi, kwa mfano aina fulani kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au kuzuia aina moja ya kuhara kali inayokuja na dawa za antibayotiki. Lakini mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipitia ushahidi na kusema kwamba kwa magonjwa mengi ya tumbo, ushahidi hautoshi kuzipendekeza. Kila aina ya bakteria ina kazi yake, na pakiti haikuambii kama ile yako ndiyo unahitaji. Mwaka 2018 watafiti wa Israel waligundua kwamba watu waliokunywa probayotiki baada ya antibayotiki walichukua muda mrefu zaidi bakteria wao wa asili kurudi kuliko wale walioachwa tu. Kuku wageni walikalia vyumba, wenyeji wakakosa pa kurudi.

Kwa hivyo mtu mzima mwenye afya, ambaye daktari hajamwandikia, kununua vidonge huku hali maharagwe ni kununua kuku wapya kila wiki na kuwanyima chakula. Watakufa au wataondoka. Utarudi dukani. Muuzaji atafurahi.

WHO inapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kinakupa kama 12 hadi 15. Githeri kwa kibanda, sahani moja, umefika nusu ya safari na pesa imebaki. Chemsha maharagwe mengi Jumapili, gawanya, weka kwa friji, ama nunua yaliyochemshwa kwa mama wa sokoni. Changanya unga wa posho mill na ule mweupe kama familia inalia. Managu, terere, kunde, nduma, ngwaci, njahi: zote ziko Marikiti, na hakuna inayohitaji tangazo. Mala ukipenda, kunywa, ni chakula kizuri. Anza polepole na maji mengi, juu ukiruka kutoka gramu 10 hadi 50 siku moja, watu wa mathree watakujua.

Halafu hii isome mara mbili. Madaktari wa Nairobi wamekuwa wakiandika kwamba wanaona saratani ya utumbo mpana zaidi kuliko zamani, na sio kwa wazee peke yao. Ukiona damu kwa choo, ama choo kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, ama unapungua uzito na hujui kwa nini, usijiambie ni bawasiri, usinunue probayotiki, usinunue chai ya kusafisha. Enda hospitali uchunguzwe. Mtu wa miaka 23 pia anaweza kuchunguzwa. Aibu ya kuongea kuhusu choo imezika watu wengi ambao ugonjwa wao ungepatikana mapema.

Wale wanakijiji wa Uganda walikubali kubeba kinyesi chao kwa mfuko ili mgeni akipime. Wewe unashindwa kumwambia daktari, ama hata mamako, kwamba umeona damu?

Leo nikitoka hapa naenda kununua njahi. Niambie kwenu ushago mlikuwa mnakula nini ambacho siku hizi hakionekani kwa meza, na kama kuna shosho anajua kukipika, mpigie simu akuambie venye kinapikwa.